Modemu imekata? Huenda imelazwa tu



Msimu wa kuomba mkopo wa Bodi ukifika, kafe na steshenari za hapa Bariadi hujaa vijana wenye bahasha za kaki mkononi. Na malalamiko ni yale yale kila mwaka: mtu kajaza fomu, kaenda kutoa kopi ya cheti cha kuzaliwa, anarudi anakuta modemu imekata, ukurasa unamwambia aanze upya na dakika zake zimeliwa. Mwenye kafe anasema mtandao mbovu. Kijana anasema kaibiwa. Kumbe kuna mtuhumiwa wa tatu ambaye hakuna anayemtaja, naye yuko ndani ya kompyuta yenyewe.

Kila mfumo endeshi, iwe Windows, Linux au Android ya kwenye simu yako, una sehemu ya ndani kabisa inayoitwa kerneli. Programu unazoziona kwenye skrini haziruhusiwi kugusa kifaa moja kwa moja. Zinaomba kwa kerneli, na kerneli inaongea na kifaa kupitia draiva yake. Kwa hiyo kerneli ndiyo inayojua nani anatumia nini, na ndiyo maana kazi ya kuamua kifaa gani kipate umeme na kipi kilale iko kwake.

Zamani haikuwa hivyo. Utaratibu wa APM wa mwaka 1992 uliiachia BIOS maamuzi mengi, na BIOS haina habari kama unaandika barua au umeenda kula ugali. Mwaka 1996 Intel, Microsoft na Toshiba wakatoa ACPI, uamuzi ukahamia kwenye mfumo endeshi. Humo vifaa vikapewa ngazi: D0 kifaa kiko macho kabisa, D3 kimezimwa, na D1 na D2 ziko katikati.

Sasa kerneli inajuaje kwamba modemu haitumiki? Inahesabu. Kwenye Linux, tangu toleo la 2.6.32 la mwaka 2009, kila kifaa kinaweza kuwa na kihesabio chake. Anayeanza kukitumia anaongeza moja, akimaliza anapunguza moja. Kikifika sifuri, na muda uliopangwa ukapita, draiva inaambiwa: haya, mlaze. Kwa vifaa vya USB muda huo kwa kawaida ni sekunde 2 tu! Akitokea mwenye shida nacho, kinaamshwa.

Na kuna mpangilio. Mnaochunga ng'ombe huko Meatu na Itilima mtanielewa haraka: hufungi lango la zizi wakati ndama bado wako nje. Modemu imechomekwa kwenye habu, habu imeshikwa na kidhibiti cha USB, kidhibiti kimekaa kwenye bodi. Modemu inalala kwanza, halafu habu, halafu kidhibiti. Kuamka ni kinyume chake, lango linafunguliwa kwanza. Draiva moja ikigoma kulala, zoezi zima linavunjika, na ndiyo maana kuna laptopu unaifunga kifuniko, unaikuta kwenye begi imechemka kama chungu.

Turudi kwenye modemu yetu. Kwa kanuni, kifaa cha USB kikilala hakikatiwi umeme wote. Kinaachiwa kidogo, na kinatakiwa kikiamka kiendelee pale kilipoishia. Shida ni kwamba si vyote vinafuata kanuni. Vingine, hasa vile vya bei ya chee, vikiamka vinajitambulisha upya kama vimechomekwa sasa hivi. Hapo muunganisho wote unakufa na inabidi kupiga upya. Watengenezaji wa Linux wanalijua hili vizuri, hadi kerneli ina orodha ya vifaa vyenye tabia mbaya, kila kimoja na maelekezo ya jinsi ya kukivumilia. Kwa sababu hiyo hiyo kerneli yenyewe kwa kawaida hailazi vifaa vingi vya USB mpaka mtu au programu ya kubana umeme iamuru. Hizo programu za kubana matumizi ndizo mara nyingi huleta kizaazaa.

Dawa ni ndogo. Kwenye Windows ingia kwenye orodha ya vifaa, fungua sifa za habu ya USB, kwenye ukurasa wa umeme ondoa tiki inayoruhusu kompyuta kukizima kifaa ili kuokoa umeme. Kwenye Linux kila kifaa kina faili linaloitwa control ndani ya folda yake ya power, chini ya /sys/bus/usb/devices. Likiandikwa auto kinaruhusiwa kulala, likiandikwa on kinabaki macho. Kama kafe si yako, mwombe mwenyewe afanye, usimchokonolee mashine za watu.

Ila wenye kafe msizime kila kitu kwa hasira! Piga hesabu: kompyuta 10 zikikaa bure na kila moja inakula wati 60, kwa saa 8 ni yuniti 4.8 za LUKU, na hakuna mteja aliyelipa hata mia. Modemu iache macho. Monita na kompyuta zisizo na mtu zilale.

Lakini zilale vipi? Hapa ndipo patamu. Kulala kwa kawaida, yaani S3, kunaacha kazi yako yote kwenye RAM, na RAM bila umeme haikumbuki kitu. Haibaneti, yaani S4, inaandika kila kitu kwenye diski kwanza, halafu inazima. Mliokuwepo kwenye mgao wa 2023 mnajua umeme wetu haupigi hodi. Kompyuta ya mezani isiyo na UPS ikilala kwa S3 na umeme ukakatika, barua yako ndiyo basi tena. Windows tangu Vista ya 2007 ina njia ya kuchanganya, inalala huku imeshaandika nakala kwenye diski, ila hakikisheni haijazimwa. Laptopu ina betri, afadhali kidogo, japo za mtumba betri zake mnazijua wenyewe.

Kwa wenye Android, ndani yake ni Linux ile ile. Simu inataka kulala kila wakati, na programu inayotaka ibaki macho inaomba kushikilia kufuli. Mwaka 2009 watu wa Google walipopeleka utaratibu huo kwa watunza kerneli, ukazuka ubishi wa miaka, na kitu cha namna hiyo kikaingia kwenye toleo la 3.5 mwaka 2012. Simu ikiisha chaji usiku bila kuguswa, tazama kwenye orodha ya matumizi ya betri nani kashikilia kufuli.

Wa Maswa, Lamadi na kwingineko, modemu gani zinawasumbua kuamka? Tajeni aina na mfumo endeshi mnaotumia hapo chini.