Faini Haitibu Ulevi

Mwanao alikamatwa akiendesha bodaboda akiwa mlevi. Umelipa faini, amerudi nyumbani. Je, yamekwisha? La. Faini huadhibu kosa, haitibu uraibu.

Lakini usimfungie chumbani ili aache pombe ghafla. Aliyezoea kunywa sana kila siku huweza kutetemeka, kutokwa jasho, kuona vitu visivyokuwepo, hata kuanguka kama mwenye kifafa, hasa siku 3 za kwanza. Hali hiyo huweza kuua. Mpeleke hospitali, kama vile Machakos Level 5, apewe dawa akiangaliwa. Baadaye hufuata ushauri nasaha.

Kwa maelekezo, piga 1192, nambari ya NACADA, bila malipo. Mama, uraibu ni ugonjwa, na hutibika.