Utangulizi: Nani Angoje Bandarini?

Meli ya makontena inapotia nanga nje ya Dar es Salaam kungoja nafasi gatini, injini kuu huzimwa, lakini jenereta hazilali. Taa, pampu na makontena ya baridi vyote vinataka umeme, na umeme huo hutokana na mafuta yanayounguzwa palepale, mkabala na jiji. Mwenye meli anahesabu maelfu ya dola kwa kila siku inayopita. Atakayelipa mwisho wa yote ni mteja wa duka la vipuri Lubumbashi, Kongo, ambaye huenda hajawahi kuiona bahari.

Anayeingia katika taaluma ya sera ya bandari namkaribisha aanzie hapo, kwenye kungoja. Kwa kawaida taaluma hii hugawanywa mafungu matatu: usalama hupewa wanasheria na askari, ushindani wachumi, nishati wahandisi. Lakini meli ile moja inawahusu wote kwa pamoja. Inachafua hewa, inapandisha bei, na kadiri inavyokawia ndivyo mzigo wake unavyozidi kuwa hatarini. Sera ya bandari, kwa maoni yangu, ni uamuzi wa nani angoje, angojee wapi, na kwa gharama ya nani.

Kwenye usalama, sheria mama ni kanuni za kimataifa za ulinzi wa meli na bandari, zilizopitishwa katika mkutano wa London Desemba 2002 kufuatia mashambulizi ya Septemba 11, 2001, zikaanza kutumika Julai 1, 2004. Zinadai bandari zinazohudumia meli za safari za kimataifa zifanyiwe tathmini ya hatari, ziwe na mpango wa ulinzi na afisa wa kuusimamia. Kibarua anayerudishwa getini Kilindini, Mombasa, kwa kukosa kitambulisho anakutana na mkutano ule wa London bila kujua. Hata hivyo, misiba miwili inayofundisha zaidi haikuletwa na mtu aliyeruka uzio. Beirut, tani zipatazo 2,750 za nitrati ya amonia zilikaa ghalani kwa miaka huku barua zikizunguka ofisi hadi ofisi, mpaka Agosti 4, 2020 zilipolipuka na kuua watu zaidi ya 200. Afrika Kusini, Julai 2021, wadukuzi waliushambulia mtandao wa Transnet, shirika la bandari na reli; makontena yakakwama Durban na kazi ikarudi kwenye makaratasi.

Ushindani ndio wenye kelele nyingi zaidi kwetu. Mfanyabiashara wa Kigali au Bujumbura anaweza kuchagua kati ya Mombasa na Dar es Salaam, na bandari zote mbili zinalijua hilo. Tanzania ilipofikia hatua ya kuipa kampuni ya DP World ya Dubai sehemu ya gati za Dar es Salaam mwaka 2023, mjadala ulitikisa Bunge, misikiti, makanisa na vijiwe vya kahawa. Mikataba ya miaka 30 ilitiwa saini Oktoba mwaka huo. Ugomvi mwingi ulihusu ugeni wa mwendeshaji, na wasiwasi huo una haki yake. Mimi ningependa tungegombana zaidi kuhusu vipimo: nani anapima saa za meli gatini, nani anazitangaza, na mwendeshaji akishindwa anapoteza nini. Mamlaka inayobaki mwenye ardhi huku kampuni ikileta kreni na wafanyakazi inahitaji wakaguzi hodari zaidi kuliko ilivyohitaji ilipokuwa ikipakua yenyewe.

Na kreni si mwisho wa habari. Kontena likishushwa upesi kisha likakaa uani kwa sababu hati ya forodha haijakamilika, kasi ya kreni haina maana. Shaba na kobalti ya Kongo huja Dar es Salaam kwa malori kupitia Tunduma, na foleni ya mpakani hapo inaamua mengi kuliko kina cha maji gatini. Madini hayo ndiyo yanayotumika kutengenezea nyaya na betri za nishati safi duniani. Reli ya Lobito, inayoelekea bahari ya Atlantiki, inayawania pia. Kwa hiyo mchumi wa bandari asiyejua chochote kuhusu Tunduma ana kazi ya kufanya.

Upande wa nishati, Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Majini lilishusha kiwango cha salfa katika mafuta ya meli kutoka asilimia 3.5 hadi 0.5 kuanzia Januari 1, 2020, na mwaka 2023 likaweka shabaha ya kufikia sifuri halisi ya hewa ukaa mnamo 2050 au karibu na hapo. Mpango wake wa kutoza meli zinazochafua ulikwama Oktoba 2025, uamuzi ukaahirishwa kwa mwaka mmoja. Umoja wa Ulaya haukungoja: kuanzia 2030 meli za makontena na za abiria zitatakiwa kuchomeka umeme wa nchi kavu katika bandari zake kuu. Mombasa ina sababu nzuri ya kuiga, kwa kuwa umeme mwingi wa Kenya hutokana na jotoardhi, maji na upepo. Durban, yenye umeme wa makaa ya mawe, ingehamisha moshi tu.

Ugumu halisi uko kwenye mafuta mapya. Amonia haina kaboni, lakini ikivuja inaua. Kuijazia meli amonia bandarini Dar es Salaam, ambako Kurasini imepakana na magati, ni suala la hewa safi, la biashara na la ulinzi kwa mkupuo mmoja, na anayeandika sera hiyo atahitaji wale wataalamu watatu wakae meza moja.

Wa kusoma kwanza? Frederick Cooper aliandika juu ya vibarua wa bandari ya Mombasa katika *On the African Waterfront* (1987). Marc Levinson, juu ya kontena, katika *The Box* (2006). Kabla ya vyote viwili, tafuta kitabu cha tozo cha mamlaka ya bandari iliyo karibu nawe, ufungue ukurasa wa siku za kuhifadhi mzigo bila malipo.