Namba ya kitabu nayo iko na mwenyewe

Rafu yetu ya vitabu hapa Aru ilianza na makarto mawili chini ya meza ya sindika. Ndani mulikuwa Kode ya migodi ya 2002 pamoja na mabadiliko ya Machi 2018, vitabu vya masomo vya watoto, makaratasi juu ya sumu ya zebaki, kamusi ya Kifaransa, na vitabu vya Kiingereza vilivyovuka mpaka kutoka Arua. Mchimbaji anakuja asubuhi kutafuta kifungu juu ya karte ya mchimbaji mdogo. Anapindua karto yote, anachoka, anarudi kwenye shimo mikono mitupu. Jioni mwenye shimo anamwambia sheria iko hivi, naye hana cha kujibu. Ndiyo sababu tulikata neno: vitabu vipangwe.

Tulipata kompyuta moja, tukaweka ndani programu ya Koha. Hiyo ilitoka New Zealand, kwenye maktaba za wilaya ya Horowhenua. Kazi ilianza 1999, na Januari 2000 ikaanza kutumika. Jina lake kwa Kimaori ni zawadi, na kweli ni zawadi: unaichukua, unaibadilisha, unamgawia mwenzako, hulipi franga. Wafaransa nao wako na PMB ya namna ile ile.

Lakini tulipoifungua tukashangaa. Nafasi ya kuandika namba ya Dewey iko, jedwali la namba haliko. Mwenzetu mmoja akatoa kle yake: «Mimi niko nalo lote. Tuweke tu, nani atajua kama tuko Aru?»

Tulibishana mpaka giza. Dewey ni Mmarekani aliyetoa mpango wake mwaka 1876, akaugawanya katika mafungu 10. Tangu 1988 mpango huo uko mikononi mwa OCLC, shirika la maktaba la kule Ohio, na jedwali lake jipya linatumiwa kwa ruhusa ya kulipia. Wao hawachezi: mwaka 2003 walishitaki hoteli moja ya New York iliyopanga vyumba vyake kwa namba za Dewey, mpaka wakapatana. Kwa hiyo waliotengeneza Koha hawawezi kutia jedwali hilo ndani na kuligawa bure. Programu ni yao, jedwali si lao.

Muzee wetu mmoja akasema: «Banangu, kila siku tunalia juu ya watu wanaoingia mu shimo letu usiku. Leo sisi wenyewe tunataka kuingia mu shimo la mwingine na tochi?» Watu walicheka, lakini kle ilirudi mfukoni. Tena tulikuwa tumewaahidi wenzetu wa Mongbwalu kwamba tutawakopia kazi yetu yote. Ungewapa vipi mali ya wizi ndani ya zawadi?

Tuelewane hapa. Kuandika namba moja juu ya kitabu chako si kosa. Vitabu vingine vya Kiingereza viko nayo tayari, imepigwa nyuma ya ukurasa wa jina. Kinacholindwa ni jedwali lenyewe, na maneno yake, na jina Dewey.

Njia ilitokea Ubelgiji, ajabu kidogo kwetu sisi. Wabelgiji wawili, Paul Otlet na Henri La Fontaine, walimwomba Dewey ruhusa tangu 1895, wakajenga mpango wao juu ya ule wake. Waliomba, wakapewa. Mpango huo, yaani CDU, nao una wenyewe, na jedwali zima la namba zaidi ya 70 000 linalipiwa. Lakini wenyewe wametoa muhtasari wa namba kama 2 600, Kifaransa kikiwemo, kwa ruhusa ya wazi: utaje ulikotoka, na ukiubadilisha uutoe kwa masharti yaleyale. Kwa rafu yetu, 2 600 ni nyingi kupita.

Basi Kode ya migodi imekaa 34, sheria. Uchimbaji 622, mambo ya kazi na sindika 331, sumu ya zebaki 615.9. Wanaotoka kwa Dewey hawapotei kwenye 622 na 331, kwani mipango yote miwili inatumia hizo. Tulipoanguka ni kwenye kamusi. Kijana alisoma namba ya Dewey iliyopigwa ndani, akaiweka 400, na siku tatu kila mtu anaitafuta. Katika CDU fungu la 4 ni tupu, lugha zilihamia 81. Tangu hapo ni sheria ya ofisi: mpango mmoja tu, namba iliyopigwa ndani ya kitabu haifuatwi.

Mama mmoja, bwana wake anaosha dhahabu nyumbani, alikuja juma lililopita kuuliza juu ya zebaki na mimba. Tulienda 615.9, tukatoa karatasi mbele yake bila kupindua karto. Amekaa kwenye benchi, amesoma yote, ameuliza kama anaweza kuibeba. Tumeandika jina lake, na karatasi bado iko kwake.