Unguja Ni kwa Shangazi, Lakini Hospitali Haiulizi Nasaba

Shule zinapofungwa, na hasa baada ya Idi, watu wetu wa Mombasa, Lamu, Malindi na Vanga wana desturi ya kuvuka mpaka kwenda kuwatazama jamaa zao. Wengine huishia Tanga, wengine hufika Pemba na Unguja. Siku hizi wako pia waendao kwa kutembea tu, wakale urojo Forodhani na kuogelea Nungwi kama watalii wengine. Mtu wa namna hii ukimwuliza kama amekata bima ya safari atakucheka. “Bima ya nini? Kwani ninakwenda ugenini?”

Jibu hilo lina ukweli wake, wala hatulidharau. Lakini tangu tarehe 1 Oktoba 2024 Serikali ya Zanzibar ilipitisha kwamba mgeni aingiaye visiwani kutoka nje ya Tanzania awe na bima ya safari ya Shirika la Bima la Zanzibar. Ilipoanza, bei yake ilikuwa dola 44 za Kimarekani kwa mtu mzima, nayo hudumu siku 92. Hata aliyekwisha kununua bima ya kampuni nyingine kwao hakusamehewa. Mkenya anayefunga safari na aulize shirika lenyewe, kabla ya kulipa nauli, yeye na watoto wake wamo katika daraja gani. Kwa vyovyote vile, jambo la bima limetufikia mlangoni, na ni heri kulijua kabla ya kusukumiwa karatasi ya kutia sahihi.

Neno lenyewe si geni. Limetufikia kutoka Bara Hindi pamoja na biashara yao, na babu zetu walilisikia madukani zamani. Lakini wao waliposafiri kwa majahazi hawakuhitaji hati ya kampuni. Msafiri alilipa madeni yake, akaandika wasia, akawaaga majirani, na alikoshuka alikuta nyumba ya jamaa au ya rafiki wa jamaa. Akiugua, aliuguzwa hapo. Akiishiwa, alichangiwa nauli. Akifa, alizikwa na watu wasiopata kumwona, nao wakamsomea hitima kama mtoto wao. Hiyo ilikuwa bima kamili, na sehemu yake kubwa ingaliko hadi leo.

Kilichobadilika ni gharama ya ugonjwa. Shangazi wa Unguja ana chumba, ana uji, ana moyo wa kukukesha usiku kucha. Hana dola za ndege. Mtu akipasuka kichwa barabarani au akishikwa na moyo, huenda akapelekwa Mnazi Mmoja, na hali ikizidi ikabidi avushwe hadi Dar es Salaam, Muhimbili au hospitali ya kulipia. Ndege ya wagonjwa, mfano wa zile za AMREF zinazoruka kutoka uwanja wa Wilson, Nairobi, gharama yake huhesabiwa kwa maelfu ya dola, na mwenye ndege hutaka kujua nani atalipa kabla ya rubani kupanda. Mchango wa mtaa hauwezi kukusanywa kwa saa mbili. Wala kadi ya SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF siku ile ile ya tarehe 1 Oktoba 2024, haikuwekwa kwa ajili ya mtu aliye matembezini nchi ya jirani.

Na bahari ni ile ile. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 meli ya Spice Islander ilizama ikielekea Pemba, na mamia ya watu wakafa. Tarehe 18 Julai 2012 ikazama Skagit iliyotoka Dar es Salaam kwenda Unguja. Twawaombea rehema waliokufa.

Hapa ndipo msomaji mwenye kujali dini yake atakapouliza: je, bima ni halali? Swali hili si la ushamba, kama wanavyodhani baadhi ya mawakala. Wanazuoni wamelishughulikia kwa muda mrefu. Ibn Abidin wa Damascus, aliyefariki mwaka 1836, aliandika juu ya bima ya mizigo ya baharini ambayo wafanyabiashara wa Kizungu walikuwa wakiiuza katika bandari za Waislamu, naye hakuikubali. Mnamo Desemba 1985 Baraza la Fiqhi la Jumuiya ya Nchi za Kiislamu lilikutana Jeddah, likasema kwamba bima ya biashara yenye malipo maalumu ina gharari kubwa ndani yake. Maana yake, wauza na kununua kitu usichojua kama kitakuja au hakitakuja. Lakini baraza hilo hilo likaonyesha njia: bima ya ushirika, ambamo kila mmoja hutoa mchango wake kwa hiari ili mwenzake akipatwa na msiba asaidiwe.

Njia hiyo ndiyo iitwayo takaful. Kampuni ya kwanza ilianzishwa Sudan mwaka 1979, na hapa Kenya kampuni ya takaful ilianza kazi mwaka 2011. Wanazuoni huifananisha na desturi ya akila, ambapo ukoo mzima ulichangia diya ya mtu aliyeua kwa bahati mbaya. Ukitazama vizuri, ni jambo la shangazi wa Unguja lililoandikwa kwenye karatasi. Basi mwenye kutaka kinga ya safari na aanze kwa kuuliza takaful. Asipoipata kwa safari yake, au serikali ya nchi aendayo ikimlazimisha kununua ya aina nyingine, amwendee shehe wake. Wengi wao hutofautisha baina ya anachokichagua mtu na anachoshurutishwa na sheria.

Sasa tuje kwenye hati yenyewe. Wakala atakuelezea kwanza juu ya mizigo iliyopotea na ndege iliyochelewa. Msikilize kwa adabu, kisha mrudishe kwenye mambo mazito. Begi la kanga na viatu si msiba. Uliza matibabu yanalipwa hadi kiasi gani, na kama kuhamishwa kwa ndege kumo ndani ya kiasi hicho au kuna fungu lake peke yake. Uliza pia ni kiasi gani cha mwanzo utakachotoa mfukoni mwako, maana bima nyingi za bei rahisi zimerahisishwa hapo.

Halafu uliza juu ya kifo, ingawa wengi wetu huona ni kujitabiria. Hati nyingi huahidi kurudisha maiti nyumbani, na wakala hulisema hilo kama zawadi. Kwetu sisi ni zawadi ya kutazamwa mara mbili. Maziko huharakishwa, na wanazuoni wa madhehebu yetu ya Shafi wamekataza maiti kuhamishwa kutoka mji hadi mji, isipokuwa akiwa karibu na Makka, Madina au Baitul Mukaddas. Aliyefia Chake Chake atazikwa Chake Chake, alasiri hiyo hiyo yamkini. Kwa hiyo kifungu kinachotufaa ni kile kinacholipa maziko ya huko huko, na kama kipo, nauli ya mtoto au ndugu wa kwenda kuhani. Sanda na kuosha watu wa mtaa hawatakuachia deni. Deni litakuwa la hospitali, na hilo ndilo linaloweza kuwasimamisha jamaa mlangoni wakati kaburi limekwisha chimbwa.

Kisha soma yale yasiyolipwa, ambayo aghalabu huandikwa kwa herufi ndogo. Kubwa kwa watu wa pwani ni kisukari na presha. Kampuni huuliza kama una maradhi ya zamani. Wako wanaoficha ili bei isipande, na siku ya kudai huulizwa cheti cha dawa wanazokunywa miaka kumi. Ukificha, umenunua karatasi tupu. Wazee nao wana umri ambao baadhi ya kampuni hazipiti, au hupandisha bei, na mja mzito huwekewa mwisho wa miezi. Kijana atakayekodi pikipiki kwenda Paje bila leseni ajue kwamba akianguka huenda asilipwe hata bendeji.

Wanaokwenda kwa gari lao kupitia Lunga Lunga na Horohoro wana jambo lao la pili. Bima ya gari ya Kenya huishia mpakani. Huhitajika Kadi ya Manjano ya COMESA, mpango ulioanza kazi mwaka 1987, na ingawa Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000, katika mpango huu ilibaki. Kadi hiyo hulipa madhara uliyomfanyia mtu mwingine na matibabu ya waliomo garini mwako. Gari lako likibondeka, hailihusu, mpaka uwe umepanga na kampuni yako. Tena msiichanganye na ile kadi nyingine ya manjano, ya chanjo ya homa ya manjano. Moja ni ya gari, moja ni ya mwili, na mtu wa mpakani aweza kukutaka zote mbili.

Kampuni au wakala usiyemjua, ulizia kwanza katika Mamlaka ya Kudhibiti Bima, Nairobi, kama amesajiliwa. Hilo halichukui muda.

Likitokea la kutokea, hati nyingi hutaka kampuni ipigiwe simu kabla ya mgonjwa kulazwa, au punde tu baada ya kulazwa, na aliyeibiwa aripoti polisi mapema na kupewa karatasi. Risiti zote ziwekwe, hata za panadoli. Mgonjwa mwenyewe hataweza kufanya haya. Atakayeyafanya ni yule yule shangazi, usiku, akiwa na hofu, na hajui hata jina la kampuni. Kwa hiyo usifiche hati chini ya nguo sandukuni. Siku ya kwanza, baada ya salamu na kahawa, mpe nakala moja, namba ya simu ya kampuni imeandikwa kwa kalamu nene, na umwonyeshe pa kuanzia kusoma.