Kasi Si Uchangamfu: Funzo kutoka kwa Mwomboko

Wahenga walinena kuwa ngoma ikivuma sana hupasuka. Methali hii yawafaa wanafunzi wa fasihi simulizi ambao, wanapozipeleka ngoma za asili jukwaani, huharakisha mapigo wakidhani kuwa kasi ndiyo uchangamfu. Mwomboko, ngoma ya Wakikuyu iliyoshamiri katika miaka ya 1940, waonyesha kwamba sivyo.

Mwomboko huchezwa wawili wawili, mwanamume na mwanamke. Ala zake kuu ni kodiani na karing'aring'a, yaani pete ya chuma igongwayo kwa chuma kingine. Msingi wake ni mwepesi: hatua mbili, kisha mpindo na mzunguko. Mbona basi wachezaji wake hutoka wakihema kwa furaha?

Sababu ya kwanza ni uthabiti wa mapigo. Karing'aring'a haiyumbi, kwa hiyo mguu hujua mahali pa kutua kabla haujatua. Mchezaji asiyebabaika huutumia mwili wake wote.

Sababu ya pili ni mgawano wa uzito. Wawili washikanao wakaegemea nje kidogo, kila mmoja humvuta mwenzake, na mzunguko huwa mwepesi na wa nguvu kwa pamoja. Anayelegeza mikono humwachia mwenzake mzigo wote.

Sababu ya tatu ni ulinganifu wa mwendo na muziki. Mpindo ukiangukia mwisho wa kishazi cha kodiani, utulivu mfupi hutangulia mlipuko wa hatua inayofuata. Pasipo utulivu huo, mlipuko hausikiki.

Kanuni hizi si za Wakikuyu pekee. Katika densi ya kontra ya Marekani, jozi hupangwa katika safu ndefu, na fidla hupigwa kwa kasi ya takriban mapigo 110 hadi 120 kwa dakika. Wachezaji wake hawaongezewi msisimko kwa kukimbizwa, bali kwa mizunguko iliyoshikwa barabara na miondoko inayomkabidhi mtu kwa mwenzake bila pengo.

Jiji la Nairobi lina hazina ya kuyachunguza haya. Kawangware imo katika eneo la Dagoretti, lenye Wakikuyu wengi. Nako Kibera, ambako kuna kijiji cha Kambi Muru, kulianza kuwa makazi ya askari Wanubi mwanzoni mwa karne ya 20. Doluka ni ngoma yao ya harusini. Mtafiti hana haja ya kusafiri mbali.

Jambo hili lina uzito kwa mwanafasihi. Katika mwomboko, mpiga kodiani aghalabu ndiye mwimbaji. Mapigo yakiharakishwa kupita kiasi, maneno humezwa, kejeli na mafumbo hupotea, na ngoma hubaki kuwa mazoezi ya viungo. Serikali ya kikoloni iliyopiga marufuku Muthirigu mwaka 1930 haikuogopa miguu ya wachezaji, iliogopa maneno. Anayeihifadhi ngoma na auhifadhi kwanza mwendo unaoyawezesha maneno yake kusikika.