Barua ya Mzunguko ya Ndugu wa Familia ya Beecher

Katika karne ya 19, watoto wa mchungaji Lyman Beecher wa Marekani, waliotawanyika kutoka Connecticut hadi Ohio na Illinois, walidumisha undugu wao kwa barua ya mzunguko, yaani barua moja iliyopita kwa kila ndugu kwa zamu, naye akaongeza habari za ndoa, uzazi, maradhi na imani kabla ya kuipeleka mbele. Baada ya sheria ya mwaka 1850 ya kuwarejesha watumwa waliotoroka, Harriet Beecher Stowe, mmoja wa ndugu hao, aliandikiwa na wifi yake, aliyemhimiza aupinge utumwa kwa kalamu, na riwaya ya Harriet, Uncle Tom's Cabin, ikatoka kama kitabu mwaka 1852. Barua za kifamilia, basi, ni hazina ya historia inayostahili kutunzwa.