Ruti, Tripu na Safari: Kuyatenganisha Maneno ya Kiingereza Yanayofanana

Nafundisha Kiingereza hapa Moshi, darasa la jioni, kwa watu wanaofanya kazi mlimani: waongoza watalii, wapishi wa kambini, na wapagazi wanaotaka kupanda cheo. Majina ya ndege na miti wanayajua kuliko mimi, na sarufi wanajitahidi. Kinachowasumbua ni kundi dogo la maneno wanayoyatumia kila siku. Upande mmoja kuna “road”, “street”, “way”, “path”, “trail”, “track” na “route”. Upande wa pili kuna “travel”, “trip”, “journey”, “voyage” na “tour”. Shuleni walifundishwa kwamba ya kwanza yote ni njia, na ya pili yote ni safari. Mtu aliyekariri hivyo huchukua lolote lililo karibu na ulimi.

Mlimani neno lisilo mahali pake huweza kuleta taabu. Chukua mgeni aliye kambi ya Barafu, kichwa kinamuuma, anatapika kwa sababu ya mwinuko. Mwongozaji anamwambia kwa upole kwamba watashuka kwa “this road”, akimwonyesha njia ya Mweka. Mgeni huyo anasikia barabara, na barabara kwake ni mahali linapopita gari. Anatulia akisubiri gari. Hapo pana mawe na vumbi tu, na gari lipo chini kabisa, getini. Angeambiwa “path” au “trail”, angejua tangu mwanzo kwamba atashuka kwa miguu yake au kwa machela.

Maneno haya hayana ugumu ambao watu wanadhani yanao. Mawili kati yake tumeshayaingiza kwenye Kiswahili, tunayatumia sawasawa stendi na sokoni, na tofauti zake tunazijua bila kufundishwa.

Ruti ya daladala, ruti ya Machame

Anza na ruti. Kila daladala ina ruti yake: kibaoni imeandikwa inakotoka na inakoishia, na Dar es Salaam hata rangi ya mstari ubavuni humwambia abiria gari linapita wapi. Ndani ya ruti moja gari linaweza kupita barabara nne au tano tofauti. Dereva akigeuza katikati na kuwashusha watu kabla ya kufika mwisho, abiria hulalamika kwamba amekatisha ruti. Hakuna anayesema amekatisha barabara, kwa sababu barabara iko palepale. Kilichokatwa ni mpango wa kupita, kutoka mwanzo hadi mwisho.

“Route” ya Kiingereza ni hiyohiyo. Ni mpango wa kupita kutoka hapa hadi kule, na unaweza kupita nchi kavu, majini au angani. Ndiyo maana Kilimanjaro tunazo “routes”: Marangu, Machame, Lemosho, Rongai na Umbwe. Zote zinakwenda kwenye kilele kimoja, Uhuru, mita 5,895, lakini kila moja ina mpango wake. Anayepita Marangu hulala kwenye vibanda vya Mandara, Horombo na Kibo. Anayepita Machame hulala kwenye hema, na kwa kawaida hushuka kwa Mweka. Mgeni akiuliza “Which route are we taking?” anauliza mpango. Akiuliza “Is the path slippery?” anauliza ardhi anayoikanyaga leo. Mwongozaji akiyashika maswali haya mawili, nusu ya kazi imekwisha.

“Path” basi ni kijia chenyewe, chembamba, cha miguu, hata kile cha kutoka jikoni kwenda kisimani. “Trail” ni kijia kirefu kilichowekwa alama kwa ajili ya watembeaji, au nyayo alizoacha mnyama alipopita. Marekani kuna Appalachian Trail, inayoanzia Georgia hadi Maine, karibu kilomita 3,500, na alama zake nyeupe zimechorwa kwenye miti njia nzima. “Track” ni njia ya matairi isiyo na lami, kama zile za Serengeti. Dereva anaposema “We must stay on the track” anamweleza mgeni kwa nini gari haliwezi kukata nyikani kumfuata chui: kutoka nje ya njia kunaharibu mbuga, na sheria za hifadhi zinakataza. Neno hilohilo hutumika pia kwa reli ya treni na kwa uwanja wa kukimbilia.

Nchini Uingereza tofauti ya namna hii imeandikwa kwenye sheria. Huko England na Wales, “footpath” ni njia ya umma ya kwenda kwa miguu, na alama yake ni mshale wa njano. “Bridleway” ina mshale wa buluu: watembea kwa miguu wanaruhusiwa, waliopanda farasi wanaruhusiwa, na tangu sheria ya mwaka 1968 waendesha baiskeli nao wanaruhusiwa. Mtu akipeleka farasi kwenye njia ya mshale wa njano, mwenye shamba ana haki ya kumsimamisha. Kwa Mwingereza, jina la njia linasema nani ana ruhusa ya kuipita na kwa chombo gani.

Barabara moja, majina matatu

Sasa tuje mjini. “Road” kwa asili inaunganisha mahali na mahali. “Street” iko ndani ya mji, ina nyumba au maduka pande zote mbili. Dar es Salaam inalionyesha hili vizuri: Morogoro Road inakupeleka Morogoro, Bagamoyo Road inakupeleka Bagamoyo, lakini Uhuru Street haikupeleki nje ya mji. Jijini London kuna eneo kongwe la katikati linaloitwa City of London. Kwa karne nyingi eneo hilo halikuwa na njia hata moja iliyoitwa “Road”. Zilikuwa “streets”, “lanes” na majina mengine. Mwaka 1994 mipaka iliposogezwa, kipande cha Goswell Road kikaingia ndani, na ndipo neno hilo likapata nafasi.

Wasomaji wa Kenya wanalo darasa zuri zaidi. Nairobi kuna barabara kuu moja inayobadilisha jina bila kubadilisha mwelekeo. Upande wa uwanja wa ndege ni Mombasa Road, kwa sababu inatoka Mombasa. Ikiingia katikati ya jiji inakuwa Uhuru Highway. Ikielekea Westlands na mbele zaidi inakuwa Waiyaki Way. Sambamba nayo, na sehemu nyingine juu yake kwenye nguzo, tangu mwaka 2022 kuna Nairobi Expressway, kilomita 27 hivi kutoka Mlolongo hadi Westlands. Kwenye barabara ya kawaida bodaboda, baiskeli na watembea kwa miguu wanapita. Kwenye hiyo mpya hawaruhusiwi, na wenye magari hulipia. Hiyo ndiyo maana ya “expressway”: njia ya kasi, ya kuingilia na kutokea mahali maalumu tu. Waingereza huita ya kwao “motorway”, na ya kwanza, ile ya Preston, ilifunguliwa mwaka 1958. Wamarekani wana “freeway”.

“Avenue” ni barabara pana ya mjini, mara nyingi yenye miti, kama Samora Avenue ya Dar es Salaam au Moi Avenue ya Nairobi. Kwenye kisiwa cha Manhattan, jijini New York, ramani ya mwaka 1811 iliyapa maneno haya kazi ya dira: “avenues” zinakwenda kaskazini na kusini, “streets” zinakatiza mashariki na magharibi. Mtu akijua hilo, hapotei kirahisi huko.

Kuna neno moja la kuangaliwa sana, “pavement”. Mwingereza akikwambia utembee kwenye “pavement”, anakuambia upande wa watembea kwa miguu, kando ya barabara. Mmarekani sehemu hiyo anaiita “sidewalk”. Kwake “pavement” ni lami yenyewe, wanapopita magari. Wahandisi wa Tanzania nao hulitumia kwa maana ya tabaka za barabara, ndiyo maana mwongozo wa Wizara ya Ujenzi wa mwaka 1999 unaitwa Pavement and Materials Design Manual. Mzazi anayemsomesha mtoto kwa vitabu vya nchi mbili amwambie mapema, maana neno hili linahusu usalama wake akiwa barabarani.

Tripu ya mchanga na maneno ya safari

Upande wa safari, mwalimu wetu ni dereva wa lori. Anayejenga nyumba huagiza mchanga kwa tripu. Tripu moja ni kwenda machimboni, kupakia, kuja kumwaga na kurudi: mzunguko mzima. “Trip” ya Kiingereza ina maana hiyo. Ni kwenda, kufanya kilichokupeleka na kurudi, na kwa kawaida si kwa muda mrefu: “business trip”, “school trip”.

“Journey” ni kule kusafiri kwenyewe, kutoka hapa hadi pale, hasa kukiwa na umbali. Tofauti hii inasikika vizuri mapokezi ya hoteli. Mgeni akiingia na mabegi, mwenyeji humuuliza “How was your journey?” Anaulizia njiani: basi lilichelewa, vumbi lilikuwaje. Baada ya juma zima, mgeni akilipa na kuaga, swali linabadilika: “Did you enjoy your trip?” Sasa anaulizia yote kwa pamoja, mlima, chakula, watu na hali ya hewa. Wanafunzi wangu huigiza pande zote mbili, mmoja mgeni na mwingine mwenyeji, na wakishaigiza hawasahau.

“Travel” ni kusafiri kwa jumla, na hapa ndipo wengi wanapojikwaa. Kama jina, halihesabiki. Huwezi kusema “a travel” wala “our travel was good”. Mahali hapo panataka “trip” au “journey”. Liache lifanye kazi yake ya kitenzi, “We travelled by bus”, au likae mbele ya jina lingine kama kwenye “travel insurance”. “Travels” kwa wingi lipo, lakini ni la mizunguko ya mtu ya muda mrefu, kama kwenye jina la kitabu cha Jonathan Swift cha mwaka 1726, Gulliver's Travels.

“Voyage” ni safari ndefu ya majini au ya anga za mbali. Majahazi yaliyokuja pwani yetu na kaskazi na kurudi na kusi yalifanya “voyages”. Vasco da Gama alipofika Mombasa na Malindi mwaka 1498, alikuwa kwenye “voyage”. Lakini boti ya kwenda Unguja asubuhi ni “crossing”, yaani kuvuka, na pantoni ya Kigamboni vilevile. “Tour” ni kuzunguka mahali kadhaa pa kutazama, kisha unarudi ulikoanzia.

Halafu kuna neno letu wenyewe. Waingereza walilichukua “safari” kutoka Kiswahili katika karne ya 19, wakalibana liwe msafara wa porini, kwanza wa kuwinda, baadaye wa kutazama wanyama. Kwa hiyo Mtanzania akimwambia mgeni “I had a safari to Dodoma”, mgeni atauliza aliona simba wangapi. Kwa Kiingereza, safari ya Dodoma ni “trip”.

Maneno madogo yanayobeba uzito

“Way” lina vihusishi viwili vya kushika. “I am on the way” maana yake niko njiani, nakuja. “You are in the way” maana yake umeziba njia, sogea. Mpagazi aliyetaka kusema yuko njiani akasema “in the way” ameomba radhi kwa kosa ambalo hakulifanya.

Kwa vyombo vya usafiri, pima hivi: kama unaweza kusimama na kutembea ndani, tumia “on”: “on the bus”, “on the train”, “on the plane”. Kama unaingia na kukaa tu, tumia “in”: “in the car”, “in a taxi”. Pikipiki na baiskeli unapanda juu, kwa hiyo ni “on”. Kwa miguu ni “on foot”.

Nawaomba walimu wenzangu tuache kuandika ubaoni orodha ya maneno saba yenye tafsiri moja. Kila neno lifundishwe pamoja na maswali yake: nani anapita hapa, kwa chombo gani, ni mpango au ni ardhi, na je, mtu anarudi? Wapelekeni wanafunzi stendi wasome vibao vya ruti, wamuulize dereva wa lori tripu ni nini. Na wewe unayejifunza peke yako, anza kesho na maneno mawili tu, “trip” na “journey”. Yatumie ipasavyo juma zima, kisha ongeza mengine.